Taa na sauti za holi ya shule: kukodi, kununua mtumba, ama kununua mpya pole pole

Muhula uliopita siku ya wazazi, watoto wangu wa klabu ya drama walifanya ngonjera vizuri sana, nimewafunza wiki sita, na baada ya hapo mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa benchi ya mwisho kabisa karibu na mlango wa jikoni akanishika mkono akaniambia, "Mwalimu, mjukuu wangu nimemwona, lakini sijamsikia." Akashukuru akaenda zake. Hiyo maneno imenikaa mpaka leo.

Mimi ni patroni wa drama kwa shule ya umma huku nje kidogo ya Kisumu. Holi yetu ni ile unaijua, asubuhi ni dining, wakati wa mtihani ni chumba cha mtihani, Jumapili ni kanisa. Juu ni mabati bila siling, ukuta ni wa mawe, madirisha ya vioo pande zote mbili. Tulikuwa na amplifaya moja ya zamani na spika mbili zilizopasuka, taa za steji hatukuwa nazo kabisa. Principal akanipa kazi ya kuandika pendekezo kwa bodi, nikaongea na walimu wenzangu wa Kakamega, Vihiga na Nakuru wenye wamepitia hii shida, na nikaona watu wote huzunguka kwa njia tatu: unakodi kila siku ya shughuli, unanunua mtumba, ama unanunua mpya kwa awamu. Naandika vile nimezielewa, juu najua kuna patroni mwingine mahali ako na karatasi tupu mbele yake na bajeti ndogo.

Vipimo vyenyewe kwanza

Usianze na bei. Anza na kalenda ya shule. Keti na deputi mhesabu siku zenye vyombo vitatumika kwa mwaka, na uwe mkweli. Drama iko muhula wa kwanza na fainali za kitaifa huwa za Aprili, muziki unabeba muhula wa pili mpaka Agosti, kuna siku ya zawadi, mikutano ya wazazi, maombi ya watahiniwa, ibada ya Jumapili. Halafu tangu Januari 2026 tuko na Gredi ya 10, na kama shule yako imechukua ile njia ya sanaa na michezo basi steji si ya sherehe tena, ni darasa, inatumika Jumanne saa nne asubuhi kama vile maabara inatumika. Shule ya siku 5 kwa mwaka na shule ya siku 60 hazifai kununua kitu kimoja, hata kama holi zao zinafanana tofali kwa tofali.

Kipimo cha pili ni yule mama wa benchi ya nyuma. Sauti ikitoka kwa spika, kila ukizidisha umbali mara mbili unapoteza karibu desibeli 6. Kama ni 100 ukiwa mita 1, mita 2 ni 94, mita 4 ni 88, mita 8 ni 82, mita 16 imebaki 76. Hiyo ni hesabu ya uwanjani pahali hakuna kitu kinarudisha sauti, ndani ya holi ya mawe na mabati sauti inarudi kutoka kila upande na hapo shida inageuka, sauti iko ya kutosha lakini maneno yanapandana, silabi ya kwanza haijaisha ya pili imefika. Kwa hivyo kuongeza wati peke yake hakusaidii. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ziada, na ili sikio lisikie ni kama sauti imekuwa maradufu unahitaji karibu wati mara kumi. Kwa hivyo mtu akikuonyesha spika imeandikwa 5000W kwa sanduku, uliza ni wati za RMS ngapi, yaani zile spika inabeba mfululizo, hizo zingine ni za kilele cha sekunde moja na hazikusaidii kitu. Mahali spika inakaa ndio inasaidia: iinue juu ya vichwa vya watu kwa stendi, iangalie watu isiangalie ukuta, na iwe mbele ya maiki, isiwe nyuma yake, la sivyo italia mluzi siku nzima.

Tatu ni stima. Nne ni mikono, yaani nani atashika mashine, na hapa ndio vyombo vingi vya shule hufia. Tano ni karatasi na matengenezo: risiti, warranti, fundi.

Na kabla sijaendelea kwa hizo njia, kuna kitu kimoja cha bei ya chini ambacho ningeomba kila shule ifanye kwanza, nacho ni mapazia mazito ya rangi nyeusi. Shughuli zetu nyingi ni za mchana, na huku Kisumu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, sasa ukiwasha taa za laki mbili saa nane mchana na madirisha kumi yako wazi, hakuna mtu ataona tofauti. Mapazia hayohayo yanameza mwangwi kidogo na kupunguza yale maneno kupandana. Fundi wa kushona ako hapo sokoni. Fanya hiyo kwanza halafu urudi hapa.

Njia ya kwanza: kukodi

Pesa. Tuseme mwenye vyombo amekuambia 20,000 kwa siku pamoja na usafiri, na kalenda yako iko na siku 6. Hiyo ni 120,000 kwa mwaka, miaka mitatu ni 360,000 na bado stoo yako iko tupu. Siku zikiwa 3 ni 60,000 kwa mwaka na hapo hesabu inabadilika kabisa, juu hiyo 60,000 haikununulii sauti ya maana, achia mbali taa. Weka bei yako mwenyewe kwa hiyo hesabu, lakini ifanye ya miaka mitatu, usifanye ya mwaka mmoja. Na uliza mapema kama bei ni ya siku nzima ama ya masaa, juu saa kumi jioni hotuba ya mgeni wa heshima ikiwa bado inaendelea ndio utajua.

Sauti na mwanga. Ukipata mtu mzuri hii ndio njia ya kupata vyombo vikubwa kuliko vile mngewahi kununua, na ako na sabufa, maiki za kutosha, taa za kuzunguka. Lakini watu wengi wa kukodisha vyombo huku kwetu wamezoea matanga na harusi, yaani muziki na emsii mmoja na maiki moja. Drama si hivyo. Watoto 30 wanaongea kwa pamoja, mwingine ananong'ona, mwingine anaongea akiwa amegeuka. Ukimwachia mtu wa matanga atakuwekea muziki ukanguruma na maneno yapotee. Kwa hivyo mwambie mapema unataka maneno, unataka maiki ngapi na za aina gani, na aje siku moja kabla mfanye mazoezi na watoto wakiwa steji. Hiyo siku ya mazoezi inalipiwa, iweke kwa bajeti. Na taa zake zikija, omba zimulike nyuso za watoto kutoka mbele, nyingi zimezoea kumulika macho ya watazamaji.

Stima. Wengi huja na jenereta yao na hiyo ni baraka kubwa, juu stima ikipotea katikati ya mchezo mnaendelea.

Mikono. Anakuja na fundi wake. Mwalimu unabaki na watoto wako, na kusema kweli siku ya mashindano hicho kitu ni cha thamani sana. Ubaya wake ni kwamba hakuna mwanafunzi anajifunza chochote.

Karatasi na ikiharibika. Ikiharibika ni shida yake. Lakini kuna hatari nyingine ambayo kwa hii sehemu yetu ya nchi ni kubwa kuliko kwingine: Ijumaa na Jumamosi. Mazishi yetu ni siku hizo, harusi ni siku hizo, na siku ya zawadi pia mnaiweka siku hizohizo. Mwaka mmoja tulikuwa na shughuli ya saa mbili asubuhi, vyombo vikafika saa tano, kijana ametoka kukesha matangani na hajalala, wazazi wamekaa kwa jua, principal ananiangalia. Tangu hiyo siku, nikikodi nalipa nusu mapema, naandika saa ya kufika kwa karatasi na mtu anaweka sahihi, na vyombo vinalala shuleni usiku wa kuamkia shughuli. Ukiweza kusongesha shughuli iwe Alhamisi utapata vyombo bora kwa bei ya chini.

Inamfaa nani: shule yenye siku chache kabisa, shule haina stoo ya kufungwa vizuri, ama shule inajenga holi mpya na haijui bado itahitaji nini.

Njia ya pili: mtumba

Hapa nitakaa kidogo juu ndio pahali pesa huokolewa na ndio pahali pesa hupotea.

Pesa. Vyombo vya mtumba vinatoka kwa makanisa yaliyopanua, kwa madijei wanaouza, na vingine vinatoka Uingereza kwa kontena. Kwa pesa ileile unaeza kupata spika ya kampuni inayojulikana badala ya mpya ya jina hujawahi kusikia, na spika nzuri iliyotunzwa inaishi miaka mingi sana. Mixa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki, pia. Vitu ambavyo singenunua mtumba ni nyaya, maiki za mkononi na maiki zisizo na waya.

Sauti na mwanga. Nianze na maiki zisizo na waya nieleze kwa nini nasema hivyo. Mwaka 2020 Uingereza iliondoa maiki zisizo na waya kutoka kwa masafa ya 700 MHz ili yapewe mitandao ya simu, na kabla ya hapo walikuwa wameondoa zile za 800 MHz. Sasa zile seti zilienda wapi? Zingine ziliuzwa. Zinafanana mpya, zinawaka, dukani zinafanya kazi, halafu unafika shuleni mnara wa 4G uko hapo ng'ambo na maiki inakwaruza kila mtu akitoa simu, juu 800 MHz hata huku kwetu ni ya 4G. Kila seti iko na masafa yameandikwa nyuma ama chini ya risiva. Kama ni kati ya 694 na 862 MHz, iache hata kama ni nusu bei.

Maiki za waya ziko na shida nyingine. Ile Shure SM58 ambayo iko sokoni tangu 1966 ndio maiki imeigizwa zaidi pengine duniani, na mtumba wa SM58 wenye bei ya kushangaza mara nyingi ni feki. Afadhali maiki mpya ya waya ya bei ya kati kutoka duka lenye risiti.

Kwa spika, beba simu yenye wimbo unaujua na sauti ya mtu akiongea. Sikiza hotuba kwanza, muziki baadaye, juu muziki unaficha ubovu. Zima besi yote usikie kama twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inafanya kazi, twita iliyokufa ndio inafanya "s" na "f" na "t" zipotee na hapo ndio yule mama hamsikii mjukuu wake. Sukuma koni polepole kwa vidole, ikikwaruza imeungua. Kama ni spika ya pasivu inayotaka amplifaya kando, angalia omu, yaani kipimo cha upinzani wa stima: spika mbili za omu 8 kwa laini moja zinakuwa omu 4, na kama amplifaya haijaandikwa inaweza omu 4 utaichoma wiki ya kwanza.

Taa sasa. Mtumba wa taa za steji mara nyingi ni zile kopo za halojeni za wati 1000, PAR64. Mwanga wake ni mzuri mno, naukubali bila kusita, ni mwanga wa joto na ngozi zetu nyeusi zinaonekana zikiwa hai, kuliko LED nyingi za bei ya chini. Na kopo lenyewe ni rahisi, bati na soketi na balbu, hakuna cha kuharibika. Lakini balbu ya wati 1000 inapewa karibu saa 300 tu, na hapo ndani ya saa hizo inakula stima kama pasi.

Stima. Fanya hii hesabu na fundi akiwa hapo. Kopo 8 za wati 1000 ni wati 8000, gawa kwa volti 240 ni karibu ampea 33. Soketi yako ya ukutani ni ya ampea 13, yaani karibu wati 3000, kopo 3 na umefika mwisho. Na soketi zote za holi pengine ziko kwa breka moja ya 30 ama 32. Yaani ukiwasha zote breka inaanguka, na mtu asipojua ataweka breka kubwa zaidi bila kubadilisha waya, na hapo sasa umetengeneza moto ndani ya ukuta wa pahali watoto wanakula. Tafadhali, kama fundi akipendekeza hivyo mwambie hapana. Halojeni inataka laini yake kutoka kwa bodi kuu, na hiyo gharama inaeza kumaliza kile uliokoa kwa mtumba. Pia zile za Uingereza nyingi huja na plagi ya pini tatu za mviringo ya ampea 15, haiingii kwa soketi zetu. Zikiwa zimetoka Marekani angalia volti ya balbu, ya 120 ukiichomeka hapa inapasuka.

Mikono. Mtumba unataka mtu anayejua. Si lazima awe mwalimu. Sisi tuna kijana aliyemaliza shule hapa, sasa ni fundi wa redio mjini, tulienda naye kuangalia mixa na akaikataa kwa dakika tano juu fida tatu, yaani vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, zilikuwa zinakwaruza. Kama hauna mtu wa hivyo, hii njia iache kabisa.

Karatasi na ikiharibika. Kwa shule ya umma hapa kuna ukuta. Ununuzi unafuata sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, bursar anataka kwotesheni na invoisi ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, na dijei anayeuza spika zake mbili hana hivyo vitu. Mkaguzi wa hesabu akija mwaka unaofuata hatauliza kama sauti ilikuwa tamu. Njia mbili nimeona zikifanya kazi: ununue kwa duka la mtumba lililosajiliwa ambalo linatoa invoisi, ama chama cha wazazi ama wanafunzi wa zamani wanunue wenyewe na watoe kwa shule kama zawadi na barua yake, iandikwe kwa rejista ya mali. Kwa matengenezo mtumba wa pasivu uko na faida, amplifaya ikikufa fundi wa Kisumu anaifungua na spika zinabaki nzima.

Inamfaa nani: shule ya binafsi ama ya kanisa yenye uhuru wa kununua, shule yenye fundi wake wa kuaminika, na shule yenye wanafunzi wa zamani wanaotaka kusaidia.

Njia ya tatu: mpya kwa awamu

Pesa. Bodi haitoi yote kwa mara moja, kwa hivyo mpangilio wa awamu ndio kila kitu. Mimi ningeweka hivi: mwaka wa kwanza ni sauti, spika mbili za aktivu zenye amplifaya ndani, mixa, maiki 4 za waya na stendi zake. Mwaka wa pili ni taa 4 za mbele. Mwaka wa tatu ni taa 4 zaidi na maiki zisizo na waya 2. Sababu ya sauti kuja mbele ni kwamba mchezo uliosikika bila taa bado ni mchezo, mchezo ulioonekana bila kusikika watu wanaangalia simu. Kuna mwenzangu wa Nakuru aliyeanza na taa juu shule yake hufanya densi za ubunifu zaidi kuliko michezo ya maneno, na kwake naona alikuwa sawa.

Sauti na mwanga. Ukinunua mixa usihesabu chaneli zilizoandikwa kwa jina, hesabu matundu ya maiki. Yamaha MG12XU kwa mfano inaitwa 12 lakini maiki zinazoingia ni 6, na MG10XU ni 4. Duka litakuambia "chaneli kumi" na haijadanganya. Nunua yenye matundu mawili zaidi ya vile unahitaji leo.

Kwa taa, LED ndio utapata dukani. Omba zile zenye nyeupe ya joto ama amba pamoja na rangi, juu zile za nyekundu, kijani na bluu peke yake zikichanganywa kutoa nyeupe zinafanya nyuso za watoto wetu ziwe na ukijivu ama zambarau na mama hamjui mtoto wake. Mbili za mbele kushoto, mbili za mbele kulia, zikishuka kwa pembe ya karibu digrii 45, na kila moja iwe na mnyororo wa usalama juu ziko juu ya vichwa. Sikiza feni kabla hujalipa. Taa yenye feni ya kelele kwa sini ya huzuni inasikika mpaka nyuma.

Nyingi zinaendeshwa kwa DMX, yaani njia ya kuamrisha taa kwa waya, na watu huiogopa bure. Ni laini moja yenye chaneli 512, waya unatoka kwa kontrola kwenda taa ya kwanza, ya kwanza kwenda ya pili, hivyo hivyo. Taa ikitumia chaneli 7, ya kwanza unaipa anwani 1, ya pili 8, ya tatu 15, ya nne 22. Mtoto wa Fomu 3 anaelewa kwa siku moja. Na usichomeke LED kwa dima ya zamani ya halojeni, kile kifaa cha kupunguza mwanga, utaiua.

Stima. Taa 8 za LED za wati 100 ni wati 800, ampea 3 na kidogo, soketi moja inatosha na hata jenereta ndogo inabeba. Lakini ziko na elektroniki ndani, spika za aktivu pia, na huku karibu na ziwa radi zetu si za mchezo. Kila kitu kipitie kifaa cha kulinda kama kile cha friji, na shughuli ikiisha plagi zitolewe ukutani, kuzima swichi tu hakutoshi. Ingine, kama mnafanya shughuli usiku nje na mvua imenyesha, wadudu wa ziwa na kumbikumbi wataingia kwa feni za taa, pangusa kesho yake kabla hawajakauka humo ndani.

Mikono. Hii ndio njia pekee inayojenga watu. Chagua wanafunzi 4, wawili wa Fomu 3 na wawili wadogo, wafunze na uandike kwa ukuta wa stoo hatua za kuwasha: mixa kwanza, spika mwisho, na kuzima ni kinyume chake ili spika zisipige ule mlio wa kuvunja moyo. Funguo mbili, moja kwako na moja kwa mwalimu wa zamu. Kama hakuna mwalimu yeyote anataka hii kazi kwa moyo, vyombo vipya vitakuwa vumbi kwa mwaka mmoja, nimeona stoo za hivyo.

Karatasi na ikiharibika. Risiti, warranti na kwotesheni unapata bila shida. Ila uliza warranti inatumikia wapi. Ukinunua Luthuli Avenue, Nairobi, kwa bei ya chini kidogo halafu spika ikakufa, hiyo ni karibu kilomita 350 kurudi, spika ya kilo 20 kwa parseli ya basi, na wiki tatu bila sauti. Duka la Kisumu ama Nakuru linaloongeza kidogo lakini linakubadilishia papo hapo linaeza kuwa rahisi zaidi. Na spika ya aktivu amplifaya yake ikikufa sanduku zima limenyamaza, ndio maana sisi tulibakisha ile amplifaya yetu ya zamani, fundi akaitengeneza, ni ya dharura.

Inamfaa nani: shule inayotumia holi kila wiki, shule zenye somo la sanaa za maonyesho, na shule ambayo bodi yake ikiahidi awamu ya pili inaitoa kweli.

Vile ningepanga kulingana na hali

Siku zako ni 5 ama chini ya hapo kwa mwaka: kodi, lakini nunua mapazia na maiki 2 zako za waya. Mtu wa vyombo akija na maiki mbovu una zako.

Siku ni kati ya 6 na 20 na hela ni kidogo: nunua sauti, kodi taa. Huu mchanganyiko watu huusahau, na mwenye vyombo akileta taa pekee bei hushuka sana juu hahitaji lori.

Zaidi ya 20, ama ibada ya kila Jumapili iko hapohapo: mpya kwa awamu, na uongee na kanisa ama kikundi chochote kinachotumia holi kichangie kiasi fulani kwa mwaka cha matengenezo, andikeni.

Kama kuna fundi mnayemwamini na wanafunzi wa zamani wanataka kutoa kitu: spika na mixa za mtumba, nyaya na maiki mpya, taa za LED mpya. Halojeni ni kama tu holi ina laini yake ya stima na steji ni pana.

Na kama shida yenu ni ngonjera na kwaya za maneno, watoto 30 kwa mstari, jua kwamba maiki ya mkononi inataka mdomo ukiwa umbali wa ngumi moja na hamtaweza kumpa kila mtoto. Hapo mnahitaji maiki 2 ama 3 za kondensa mbele ya steji, zile zinazotaka volti 48 kutoka kwa mixa, angalieni mixa iwe na hiyo swichi. Zinaokota sauti ya kundi vizuri lakini pia zinaokota mluzi wa spika na mvua ya mabati, kwa hivyo sauti yake ianze chini ipandishwe taratibu siku ya mazoezi na watoto waendelee kufunzwa kutoa sauti kutoka tumboni.

Sisi bodi imekubali awamu ya kwanza, spika mbili, mixa na maiki 4, tunanunua Kisumu hapa. Mapazia yameshonwa tayari. Siku ya wazazi ijayo nitakaa benchi ya mwisho karibu na mlango wa jikoni, na nimeshamwambia mjukuu wa yule mama anikalishie nyanya yake kando yangu.